Mjomba Kanywa Maji

Juzi hapa Mbwera nilimwona mtoto akijifunza kuogelea. Akapaliwa, na wenzake wakamcheka: "Kanywa maji! Kanywa maji!" Nikageuza uso.

Mjomba naye alikuwa akitucheka vivyo hivyo. Alikuwa ameshindana kuogelea na mabaharia wa bandari nyingi, hadi za Unguja na Ngazija, wala hakuna aliyemshinda, mpaka kifua kilipoanza kumbana akarudi kutufundisha sisi watoto kijitoni, katikati ya mikoko. "Mwogeleaji hanywi maji," alizoea kusema.

Alasiri moja alikuja mgeni kutoka bara, amebeba kibuyu. Uwanja mzima ulinuka mafuta ya nyonyo na mtama. Wanaume wakajipanga kimya, kila mmoja akipiga funda. Zamu ya mjomba ilipofika, nikaliona koromeo lake likipanda na kushuka. Nikapiga makofi: "Mjomba kanywa maji!"

Mama akaniziba mdomo. Mjomba akatabasamu kidogo. "Leo nimeyanywa, mwanangu," akasema.

Sikujua kuwa ile ilikuwa dawa ya kuzigeuza risasi za Wajerumani ziwe maji. Jioni ile ile wanaume wakaondoka kuelekea milima ya Umatumbi.

Mjomba hakurudi. Nilipomwuliza mama, alinijibu bila kuniangalia: "Mjomba wako alikunywa maji."

Nilimbishia sana. Mjomba hawezi kuzama! Basi kila maji yalipojaa nilishuka kijitoni, nikakaa kutazama kichwa chake kitaibukia wapi.