Nilivyobadilisha ratio za difu kwenye pickup yenye tairi kubwa, na jinsi mnunuzi wa mbuzi alivyoniokoa

Wakuu, habari za huko mliko. Haya nimeyapitia mwenyewe na sijatia chumvi. Wenye gari zilizoinuliwa, sogeeni karibu.

Mimi ni mtu wa Uriri, Migori. Gari letu ni pickup ya diesel, manual, four-wheel. Mke wangu, Mama Achieng, hununua mbuzi Ogwedhi na kuwauza Rodi Kopany. Mimi ni dereva wake, na mshahara wangu ni chai.

Mvua ikinyesha barabara za kwetu ni balaa, kwa hiyo nililiinua gari na kulifunga tairi kubwa.

Wakuu, lilipendeza. Nilikuwa napaki sokoni halafu navuka barabara nikalitazame tu.

Shida ikaanza mlimani. Gari likawa zito, gia ya tano ikabaki pambo. Tukipakia mbuzi, bodaboda wanatupita huku wakitupungia mkono. Clutch ikaanza kunuka.

Siku moja mlima ukatuchelewesha, tukafika Rodi wanunuzi wameshatawanyika. Mama Achieng hakugomba. Alisema tu kwamba mlima ule ukitushinda tena, gari linauzwa. Niliumia, maana gari lile nalipenda kuliko inavyofaa.

Kwa wasiojua: tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo ni kama umepanda gia moja juu muda wote. Dawa ni kufunga difu, yaani gia za kwenye ekseli, yenye ratio ya chini zaidi, ile yenye namba kubwa: shafti inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa tairi, na injini inapata nguvu yake tena.

Sasa, mafundi wengi wa kwetu watakwambia ubadilishe ya nyuma pekee, eti ya mbele haifanyi kazi kila siku. Kataa. Ukiingiza four-wheel, mbele na nyuma zitavutana mpaka transfer, ile gia inayogawa nguvu mbele na nyuma, ipasuke.

Fundi wangu wa Homa Bay, Okoth, alikubali kazi kwa sharti la difu zote mbili. Nikazichukua used kwa Mzee Salim, muuza spea wa Migori mjini. Okoth akafunga siku nzima, nami nikaona mambo yameisha.

Mama Achieng alikuwa amekuja gereji kunichukua twende Ogwedhi. Akauliza tumejuaje kwamba difu hizo mbili ni sawa. Okoth akacheka, akasema zilitoka gunia moja. Yeye akaweka mkoba chini na kusema tuhesabu.

Tukalipandisha gari kwenye stendi tairi zikaning'inia, tukatia alama za chaki kwenye tairi na kwenye propela shafti inayoingia kwenye difu. Mimi na Okoth tukazungusha matairi ya nyuma pamoja, mara kumi. Mama Achieng akachuchumaa kuhesabu mizunguko ya shafti. Huyu ni mtu anayehesabu mbuzi wakitoka zizini kwa kukimbia, na mdomo wake hautikisiki.

Nyuma akapata arobaini na tano na ushee. Tukafunga hub za mbele ili tairi zishikane na difu, tukarudia huko.

"Thelathini na tisa," akasema.

"Umeruka, Mama Achieng," Okoth akamwambia.

"Mimi siruki. Zungusha tena."

Tukazungusha tena. Thelathini na tisa, sawa kabisa na ile ya zamani tuliyoitoa.

Okoth akakaa kwenye tairi kuukuu. "Omera, ndugu yangu," akaniambia, "hii ingewaacha kwa tope na mbuzi wote."

Nikairudisha Migori, wakuu. Mzee Salim alibadilisha bila ubishi, akakiri kwamba zote zilifanana na alama zilikuwa zimefutika. Safari hii tulihesabu kabla ya kufunga.

Siku ya soko tukapakia mbuzi mpaka mlango. Kwenye tope la Ogwedhi niliingiza four-wheel, likatoka bila kelele. Mlimani tulipanda na gia ya tatu, na bodaboda mmoja tukampungia sisi. Hata speedo, iliyokuwa inasoma pungufu tangu tairi kubwa, imekaribia ukweli.

Nilifurahi sana. Nikamtazama mke wangu nipate neno la sifa.

Akasema, "Paki kando. Nataka kujaribu."

Funzo: badilisha difu zote mbili, na hesabu mwenyewe kabla fundi hajafunga bolti. Waliopitia haya leteni uzoefu wenu hapa chini.

Gari haliuzwi tena. Ila ufunguo uko kwa mkoba wake, na siku hizi mimi nakaa nyuma na mbuzi.