Uji Usiongoja Salamu

Siku Kasiani alipomtia machoni Projestus kwa mara ya kwanza, mwaka 1953 pale Kinondoni, alimkuta kibarazani na bakuli tupu mkononi, akimuuliza muuza mkaa habari za ng'ombe wa shemeji yake.

Projestus, Mhaya wa Bukoba, alikuwa fundi wa meno ya bandia. Kazi alijifunza hospitali ya jeshi wakati wa vita. Hakuna aliyepita mlangoni pake bila kusalimiwa, na salamu haikwisha mpaka ukoo mzima uulizwe.

Kasiani, mchonga vinyago kutoka kusini, alikuwa na pengo la meno manne ya mbele, na aibu kubwa kuliko pengo; kila akisema, aliziba kinywa kwa mkono. Jumapili alitakiwa kwa mzee Anselmo, babake Rosalia, msichana aliyemposa. Mshenga alishakwenda, mzee akamrudisha: "Wewe nimekusikia. Sasa nataka kukisikia kinywa cha mwenye kuoa."

"Panua," Projestus alimwambia Alhamisi, akamjaza uji mzito wa rangi ya waridi kinywani. "Huu ni unga wa mwani. Ukitiwa maji, chokaa iliyomo inazifunga nyuzi zake fundo kwa fundo, kama wavu. Ila wavu huu unanasa maji. Ukiuacha, maji yanatoroka, nao unasinyaa. Ndiyo maana plasta, unga mweupe unaogeuka jiwe, inamiminwa humo papo hapo."

Akautoa umeganda, alama zote zimo. Mara akapita jirani yake Felicitas, katoka Bukoba juzi. Projestus akaiweka kalibu hiyo ya uji juani, akaanza kuuliza habari, kwanza migomba ya shangazi. Alipofika kwa wajukuu, adhuhuri ilishapita.

Jumamosi asubuhi meno yalimbana Kasiani kama kiatu cha mtoto.

"Kosa langu, ndugu yangu," Projestus alisema, macho chini. "Kaa, tuanze upya." Akafunga mlango.

Uji ndiyo kwanza unaganda, mlango ukagongwa.

"Hodi!"

Projestus akauma midomo.

"Hodi wenyewe! Jino linanitesa!"

Uso ukachungulia dirishani. Mzee Anselmo! Kasiani, kinywa kimejaa, akaweza tu, "Mmmh!"

"Nyumba gani hii? Hodi haiitikiwi, shikamoo haitolewi!" Mzee akaondoka na jino lake.

Projestus, jasho likimtiririka, akatoa kalibu, akamimina plasta, ndipo akakimbilia nje: "Karibu mzee! Habari za nyumbani?" Njia ilikuwa tupu.

Jumapili Kasiani aliketi mkekani, meno yamemkaa sawasawa. Mzee Anselmo, shavu limevimba, akamkazia macho.

"Si wewe jana uliyenigunia kama ng'ombe?"

Mshenga akaangalia miguu yake. Kasiani akafunua kinywa, na safari hii hakukiziba kwa mkono.

"Shikamoo, baba. Hiyo ni ya jana. Na ya leo: shikamoo."

Mzee akacheka mpaka akashika shavu. "Marahaba, zote mbili! Rosalia, leta chai. Na huyo fundi wako atanifungulia lini?"

Miaka minne baadaye Projestus alirudi kwao. Stesheni, treni ilishapiga honi naye bado anamuuliza hamali habari za watoto. Kasiani akamsukuma ndani. Behewa likiondoka, kichwa kikatokeza dirishani.

"Nisalimie mzee Anselmo! Hawa wa njiani nitawasalimia mwenyewe, kituo kwa kituo!"