Sufuri za Mwalimu Kalunde

Kila siku saa tatu kamili asubuhi Mwalimu Kalunde alitoka kuangalia kipimamvua chake, hata Agosti, wakati anga ya Mukuyuni haina wingu na vumbi limepanda hadi kwenye mapazia. Kilikuwa mkebe wa shaba uliochimbiwa ardhini nyuma ya jiko. Aliinama, akachungulia, akarudi ndani kuandika kwenye daftari: sufuri. Alianza akiwa mwalimu wa jiografia, na alipostaafu akaja na mkebe wake nyumbani. Miaka thelathini na mmoja.

"Shemeji, leo umekuta samaki?" Jonah, ndugu wa marehemu mumewe, alimuuliza kila alipopita na mbuzi.

"Nimekuta hewa, na nimeiandika."

"Si mvua ikija tutaisikia kwenye mabati?"

"Masikio yako hayajui milimita, Jonah. Peleka mbuzi."

Mwaka juzi mchwa waliingia kabatini wakala madaftari mawili mazima. Miaka miwili ya mvua ikaenda hivyo. Aliyoyaokoa akaamua kuyaingiza kwenye kompyuta ya mezani aliyoachiwa na bintiye alipoolewa Makindu. Haukupita mwezi akanipigia simu. Alinifundisha darasa la sita. Sasa mimi ndiye ninayefundisha kompyuta katika chuo cha ufundi pale sokoni.

"Nduku, hii mashine ina mapepo. Inachora mistari kwenye skrini, halafu inakufa. Nikiiwasha tena, kazi yote imeenda."

Niliikuta imevishwa kitambaa cheupe cha kufuma, pacha wa vile vya makochi. Alikuwa akiiwasha bila kukitoa, ili vumbi lisiingie. Hewa ya moto ilikosa pa kutokea, na sanduku lilichoma mkono. Nikakitoa, nikapuliza vumbi, tukangoja ipoe. Mistari ikaisha.

Ile ya kufa ilikuwa rahisi zaidi. Kompyuta ilikuwa imepangwa ilale ikikaa dakika tano bila kuguswa. Skrini ikiwa nyeusi, yeye alidhani imezimika, akachomoa waya ukutani, na chochote ambacho hakuwa amehifadhi kikapotea. Nikaipanga isilale kabisa.

Nilikuwa nafunga mkoba nilipojiuliza jambo ambalo ningepaswa kuanza nalo. Dakika tano nzima bila kugusa kibodi, alikuwa akifanya nini?

"Hebu ingiza ukurasa mmoja nikuone, Mwalimu."

Akasogeza daftari hadi puani, akaligeuza upande, akarudia mstari uleule. Mwishowe akaandika tarakimu moja. Daftarini ilikuwa sufuri. Yeye aliandika nane.

"Skrini bado ina giza katikati," akasema.

Skrini ilikuwa safi.

"Hilo giza liko kwenye daftari pia?"

Alikikunja kile kitambaa mara mbili, mara nne.

"Liko hata usoni mwako. Nilikuwa naomba iwe ni kompyuta."

Daktari wa macho alisema tumechelewa. Basi kila Jumamosi mimi nikawa nasoma na kuandika, yeye ameketi kando yangu, uso ameuelekeza dirishani. Miezi ya mvua ilikuwa na hadithi. "Hiyo Novemba iandike vizuri, ndiyo ilibeba daraja." Miezi ya kiangazi ilikuwa sufuri juu ya sufuri, ukurasa baada ya ukurasa, na siku moja nikachoka, nikajaza Agosti yote kwa mkupuo. Akasikia vidole vinakimbia.

"Umesoma, au umejaza tu?"

Nikafuta, nikarudi mwanzo. Tarehe kumi na tisa kulikuwa na milimita mbili.

Saa tatu aliendelea kutoka, mkono ukipapasa ukuta wa jiko, akiinama na kuingiza kidole kwenye mkebe. Mpaka Julai hii, presha ilipomlaza. Tulikuwa tumebakiza madaftari manne, na bado yamebaki.

Jumamosi ya mwisho kabla hajafariki nilimkuta hawezi kuinuka. Saa tatu ilipofika niliketi kwenye kompyuta niingize kipimo cha siku hiyo. Jua lilikuwa limejaa dirishani, na mabati yalikuwa yameanza kulia kwa joto. Kidole changu kilikuwa kimeshagusa kibodi aliposema kutoka chumbani, taratibu, kama mtu anayemrekebisha mtoto darasani:

"Nduku, usiandike sufuri kabla hujatoka kuangalia."