Viazi vya Profesa

Kamati ya mazishi ya baba yangu ilikuwa na watu wanane, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumsikiliza mpaka akamaliza sentensi. Walipompita kijijini Kibirichia, amepiga magoti shambani, miwani puani, waliulizana kwa Kimeru kama kusoma sana humrudisha mtu utotoni. Alipokufa, ghafla wakagundua kwamba alikuwa msomi. "Tumepoteza kichwa," mwenyekiti alimwambia kila aliyepiga simu.

Baba alifundisha chuo kikuu, lakini hicho kilikuwa kisingizio tu. Kazi yake ilikuwa viazi. Kila likizo alitupakia mama na sisi watoto watatu kwenye gari lake bovu, tukazunguka kutoka Kianjai hadi Runyenjes akiomba wakulima mbegu za zamani ambazo wenyewe walizichoka. Mwaka mmoja alipanda viazi kwenye joto la Mbeere ili aone kitakachotokea. Kilichotokea hata sisi watoto tulikijua. Tuliporudi kuvitazama vilikuwa vimekauka vyote, naye akafurahi, akaandika kurasa sita papo hapo juani. Mama hakumsemesha hadi Embu mjini.

Kila aina ilikaa stoo kwenye sanduku lake la mbao, na karatasi juu yake. Aliandika mahali ilikotoka, udongo wake, na habari zetu. "Kianjai. Udongo mwekundu. Mtoto wa pili ametapika mara tatu." Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuandika maisha yetu.

Hospitalini aliniomba jambo moja, mimi kifungua mimba wake. Mvua ya Oktoba ikianza, viazi viingie shambani, kwa sababu mbegu hiyo haikai hadi mwaka mwingine. Nikamwahidi.

Asubuhi ya mazishi nilikuwa na mambo makubwa zaidi. Nilikuwa nikigombana na shemeji juu ya programu ya mazishi, ile ya karatasi ya kung'aa: shahada ipi itangulie, na picha ya joho iwe ukurasa gani. Mama mmoja wa kanisa akaja kuomba ufunguo wa stoo, achukue sufuria kubwa. Nikampa bila hata kugeuka.

Mchana, mkubwa mmoja kutoka chuoni alishika kipaza sauti. "Kazi ya marehemu haitakufa! Tutaiendeleza!" Alipigiwa makofi, akaketi, akaletewa sahani ya mukimo, viazi vya kupondwa. Nikaitazama ile sahani. Katikati ya ule ukijani wa majani ya malenge kulikuwa na mabonge ya zambarau. Kiazi cha zambarau sijawahi kukiona kwingine ila kwenye sanduku la baba.

Nilikimbia jikoni.

"Hizo viazi zilikuwa zimeanza kuota, mwanangu," yule mama akaniambia kwa upole. "Tukaona zitaharibika bure. Na hizo makaratasi zimetusaidia sana, kuni ilikuwa mbichi."

Ningependa kumcheka yeye, na kamati, na yule bwana aliyekuwa akiitafuna kazi ya marehemu huku akiomba kuongezewa. Nimewacheka miaka mingi. Lakini ufunguo niliutoa mimi.

Programu zilibaki nyingi. Niliziweka stoo, kwenye masanduku yake, na mvua ya Oktoba ilipoanza sikuwa na kitu cha kupanda.