Nilimpa Papa pickup kwenye gemu la magari, nikajua kwa nini alikataa usukani wakati wa volkano

Wakuu, salamu kutoka Goma, mtaa wa Majengo. Haya yametokea sebuleni kwangu na sijaongeza chumvi. Mwenye haraka apite tu.

Nina gemu moja la mbio za magari, lile la open world: unazurura nchi nzima utakavyo, mashindano ni ukipenda.

Mimi humo nakusanya magari ya kampuni moja tu ya Kijapani. Jina silitaji nisije nikaonekana nimelipwa, ila mtu wa Goma anaweza kuichora nembo yake akiwa amefumba macho.

Wameyaweka karibu yote. Kuna la michezo, limelala chini na bawa nyuma, ambalo kwa barabara zetu za mawe ya volkano lisingemaliza kona ya kwanza. Kuna dogo la taksi zetu, humo limetiwa injini ya kichaa. Kuna jeep kubwa kama zile nyeupe za mashirika ya misaada.

Halafu kuna pickup.

Kwa wasioijua Goma: huku gari tunalitambua kwa watu linaowaleta. Jeep nyeupe ikipita, watu wanauliza kama kuna mgao wa chakula. Pickup ikija kasi, kina mama wanaita watoto waingie ndani. Kwenye gemu pickup hiyohiyo unaweza kuipaka rangi ya waridi.

Sasa Papa, baba yangu. Alikuwa dereva, na alikuwa na pickup kama hiyo. Alikuwa akitoa samaki Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, kuleta Goma, abiria wamekaa juu ya mzigo.

Kwenye rebellion moja (uasi wa wenye silaha; tumezipata kadhaa, siwachoshi) wenye silaha walimsimamisha njiani wakachukua gari. Alirudi kwa miguu, akasema tu kwamba gari limekwenda. Tangu hapo hakugusa usukani, nasi hatukumsumbua.

Mpaka volkano ilipolipuka.

Lava ilishapita kule Munigi, nje kidogo ya mji, ardhi ikawa inatetemeka kila mara, tukaambiwa tuhame mji. Jirani yetu, Mama Feza, ana basi dogo, na dereva wake alikuwa ameshakimbia. Akaja na ufunguo mkononi, dereva aliyebaki ni Papa tu.

"Papa, njo weye chauffeur hapa. Tupeleke Sake."

Papa akakataa. Hakutoa sababu. Basi lina mafuta, halina mtu, na sisi tukaenda Sake kwa miguu, kilomita zaidi ya ishirini. Mama yangu ana goti bovu, na tangu safari ile anatembelea fimbo.

Nilimkasirikia Papa. Tulikaa nyumba moja, tunakula meza moja, na hasira iko palepale.

Juzi kati rebellion nyingine imefunga barabara, kazi hakuna, wote tumejazana nyumbani. Umeme ulikuwepo. Papa akakaa kunitazama nikibadilisha magari, na kila moja analitolea kasoro: hili linachemsha, hili springi zake laini. Nilipofika kwenye pickup akanyoosha mkono nimpe padi ya kuchezea.

Wakuu, gemu la mbio, mzee anaendesha kama amebeba mayai! Kila kona anapunguza mwendo, wenzake wanampita. Nikamuuliza kulikoni. Akasema anaangalia kama kuna barrière, yaani kizuizi cha wenye silaha. Nikamwambia humo hakuna hata kimoja. Akaendelea kupunguza.

Kisha akauliza, "Batu banakaa wapi humu?"

Nikamjibu ni dereva peke yake, gemu halibebi abiria.

"Basi hii naweza endesha."

Akaendesha, na macho yakiwa kwenye TV akaanza kusimulia. Siku ile Vitshumbi, mama mmoja muuza samaki na mumewe walitaka kuahirisha safari, walisikia barabara si nzuri. Yeye ndiye aliyewaambia wapande, hakuna neno. Kwenye barrière wenye silaha walichukua ufunguo, yeye akaamriwa aende bila kugeuka. Wale wawili wakabakizwa. Hajawahi kusikia habari zao tena.

Mama Feza alipomletea ufunguo, ingembidi atuambie na sisi tupande. Hakuweza.

Mama alikuwa nyuma yetu anachambua maharage. Akaacha.

"Ungesema, Papa Amani. Tungetembea tu."

Papa alilia, na mimi nililia. Goti la Mama ni lilelile, lakini hasira yangu sijui ilienda wapi.

Somo langu ni dogo. Nilidhani Papa anaogopa usukani, kumbe alikuwa anatuogopea sisi.

Wenye wazazi walioacha kitu ghafla bila maelezo, mliwahi kuwauliza? Wekeni ya kwenu hapa, nitasoma yote.

Ila si sasa hivi. Umeme umerudi, Papa ameshika padi, na Mama amekokota kiti chake akakaa kuliani kwake, upande ambao kwetu hukaa abiria.