Aliyenisemea Mlimani

Toronto, mdomo wangu ulikuwa shoga yangu. Tulitoka mji mmoja, Tanga, yeye akanitangulia, na nilipofika mtaa wa Thorncliffe alinisemea kila mahali: kwa daktari, kwa mwenye nyumba, hata kwenye kiwanda cha mashati huko Rexdale siku ya kuomba kazi. Mimi Kiingereza sikukijua, natabasamu tu, basi.

Lakini kwenye theluji hanifikii. Jamani, hilo lazima niliseme. Kwenye kilima cha North York tulikojifunzia skii, zile mbao ndefu za kutelezea theluji, nilikuwa nashuka, namsubiri chini mpaka vidole vinakufa ganzi. Ndiyo maana wenzake wa ofisini walipopanga safari ya milima mikubwa ya magharibi, nilichukua likizo yangu yote. Nilitaka kitu kimoja: kuteremka upande ule ambao mashine haijausawazisha, theluji ya magotini, hakuna njia wala kibao. Akaniahidi tutashuka wawili.

Asubuhi, juu kabisa, pumzi yenyewe ya kutafuta, mwongozaji akataka kujua uwezo wa kila mtu. Ilipofika zamu yangu, kwa mazoea nikarudi nyuma ya shoga yangu. Akamjibu kwa Kiingereza, bila hata kusita: "Huyu hawezi. Mwoga, atatuchelewesha." Wenzake wakacheka. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili, sauti ya kubembeleza mtoto: "Pole, shoga. Anasema nafasi zimejaa."

Loo! Alidhani mimi ni yule yule wa mwaka wa kwanza. Miaka minne niko kwenye cherehani katikati ya wanawake wanaoongea Kiingereza kutwa, nisisikie? Nilisikia kila neno. Nadhani hakutaka watu wa ofisini wamwone akiachwa nyuma na mshona mashati. Kikulacho ki nguoni mwako, kweli. Iliniuma hata ulimi ukawa mzito, nikateremka peke yangu kwa viti vya kamba vile vile vilivyotupandisha, nalia ndani ya miwani.

Alasiri akaja, theluji mpaka kwenye nyusi, anacheka. "Ungeona, shoga!"

Nikamjibu kwa Kiingereza, kibovu hivyo hivyo, kwamba mimi si mwoga, na nafasi hazikujaa.

Kicheko kikamkauka. Nikangoja aniombe radhi. Akanikazia macho, amekasirika kweli kweli.

"Kumbe unakijua? Tangu lini? Na ukanificha, mimi, nduguyo!"