Spika za Nje

Bi Bushra hakushika maikrofoni. Hilo lieleweke kwanza, maana hapa Johannesburg, Mayfair nzima na nusu ya Jeppestown, inasimuliwa kwamba mjane wa Mwalimu Mwadini alisimama na maikrofoni mkononi kama mshereheshaji, akamwanika marehemu mumewe mbele ya wanaume waliokuja kula biriani. Wengine wameongeza kwamba alitangaza mambo ya chumbani. Uongo. Mambo ya chumbani yalikuwa hayajafikiwa. Na wanaosema fundi Twalib alimtega, nao wanamsingizia. Twalib alifanya kazi aliyoombwa, tena vizuri.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye karavani ya Ahmad, mdogo wake marehemu, ile nyumba ya magurudumu anayoifunga nyuma ya gari kila sikukuu kupeleka watoto Durban. Ilikuwa na redio kuukuu yenye spika moja inayokoroma kama mtu mwenye mafua. Binti yake Najma alipochumbiwa, Ahmad akasema harusi ya mwanawe haitakoromewa. Twalib, ambaye riziki yake ni kufunga muziki kwenye teksi huko Jeppestown, akaing'oa redio ile, akaweka mpya, akasukuma amplifaya chini ya kiti, akafunga spika mbili ndani. Nyingine mbili alizivutia waya mrefu hadi getini, kwenye hema la wanaume. Za ndani zilikuwa na kitufe chake na za nje chake. Mwisho akachomeka maikrofoni, ili wasichana waimbe kaswida humo ndani na wanaume wazisikie bila kuwaona waimbaji.

Siku ya ndoa nyumba ilijaa, hata jikoni watu walipita ubavu. Mwari hafundwi penye wapita njia. Basi kaswida zilipokwisha wasichana walitolewa, na Najma akaingizwa karavani pamoja na wanawake wazima wachache. Mlango ukafungwa, madirisha yakafungwa. Mama yake, Ummi, alibaki nje, kwa kuwa mama hakai pale bintiye anapofundwa.

Kungwi alikuwa Bushra. Angekuwa nani mwingine? Msichana wa Tanga aliyemaliza chuo cha ualimu, akaja Johannesburg na mumewe, akafundisha chekechea Alexandra mpaka Kizulu kikamkaa kinywani. Tangu eda yake iishe hakuna aliyewahi kumkuta kwenye kibaraza cha mtu. Jina la Mwadini lilikuwa mikononi mwake, na watu walijua liko mahali pema.

Spika za ndani zilikuwa zikivuma. Bushra akabonyeza kitufe, zikanyamaza, akaridhika. Maikrofoni ilikuwa imelazwa rafuni nyuma ya pazia, karibu na bega lake, na za nje zilikuwa macho.

Alianza na kumsitiri mume. Alimwambia mwari kwamba wanaume wote wana pahali wanapovuja, na mke ndiye wa kwanza kupaona. Akipapeleka kwa jirani, amejivunjia nyumba mwenyewe. Najma, aliyezaliwa hapa hapa na Kiswahili chake kinachechemea, akauliza kwa uchungu kidogo, "Mama mkubwa, na kama ni mwoga? Hiyo pia nifiche?"

Hapo ndipo ulimi ulipoteleza. Ijulikane kwamba Mwadini alisifiwa kwa jambo moja kuliko yote. Mwaka elfu mbili na nane, makundi yalipokuwa yakiwatoa wageni wa nchi nyingine majumbani kule Alexandra, yeye alisimama kwenye geti la ua waliokuwa wakiishi akasema nao mpaka wakageuka, na familia zote za ua ule zikasalimika. Kila mwaka kwenye hitima yake kisa hicho kilisomwa kama sehemu ya dua.

"Baba yako mkubwa alikuwa chini ya kitanda, mwanangu," Bushra alisema. "Getini nilisimama mimi. Walipokwenda zao nikamvuta, nikamfuta vumbi, nikampa panga mkononi ili kukipambazuka watu wamkute nalo. Mpaka leo hakuna anayejua. Hivyo ndivyo mume anavyofichwa."

Kisha akaigiza sauti ya marehemu ikiuliza kutoka mvunguni, nyembamba kama ya kifaranga, iwapo wameshaondoka. Wanawake wakacheka hadi machozi.

Hemani walidhani mwanzoni ni mawaidha ya kanda. Baadaye walimjua msemaji, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. Kicheko cha wanawake kilipotoka kwenye spika, Ahmad aliinuka. Ummi akakimbia, akagonga mlango wa karavani kwa viganja vyote viwili.

"Wifi, nyamaza. Spika za nje zinasema."

Bushra hakuelewa upesi. Alipoelewa, alijifunika uso kwa mtandio, akakaa hivyo. Kusikiwa kulimuunguza, lakini hakukumuunguza kama ile sauti ya kifaranga. Kisa angeweza kukitoa kwa heshima, akaishia hapo. Yeye alikitoa kwa utamu, na utamu ule aliuhisi mdomoni, na wanaume wote waliusikia.

Ahmad alifika mlangoni, kofia mkononi, macho chini. Alisema wageni wanangoja, na kadhi yuko njiani. Akampa mahali pa kutokea.

"Shemeji, sema tu ni hadithi ya kufundia. Nitawaambia hivyo, na yataisha."

Angesema ndiyo, jina la Mwadini lingerudi mahali pake jioni ile ile. Bushra alitazama vidole vya Najma vyenye hina mbichi, binti ambaye yeye mwenyewe, dakika chache nyuma, alikuwa amempa kisa kile kama kweli.

"Nilikuwa nasema na mwari," alijibu. "Wewe sikukwambia kitu."

Ndoa ikafungwa. Watu wakala, wakaondoka mapema.

Hitima ya mwaka huu ilifanyika nyumbani kwa Ahmad kama kawaida. Msomaji alimtaja marehemu, akataja elimu yake, ukarimu wake na wanafunzi wake. Alipofika kwenye kisa cha Alexandra akapumua, akakiruka, akaomba dua. Upande wa wanawake hakuna aliyegeuza shingo, na Bushra alihisi shavu lake likiwaka kama mtu aliyepigwa kofi.

Watu walipotawanyika, Ahmad alimfuata uani. Alimwambia kwamba halali vizuri, kwamba marehemu ni kaka yake wa tumbo moja, kwamba ana haki ya kujua kama ni kweli.

"Unayo," Bushra alisema, akivaa viatu. "Lakini mimi sisemi."